Kutoka Daftari la Safari Hadi Bamba la Shaba

Mchoro uliochorwa harakaharaka safarini hauhitaji kusafishwa kabla ya kugeuzwa echingi, yaani chapa ya bamba la shaba ambalo mistari yake imechimbwa kwa tindikali. Unahitaji namba. Ungali mbele ya mandhari yenyewe, andika juu ya mchoro: 1 kwa vilivyo mbali na hafifu, 2 kwa vya katikati, 3 kwa vilivyo karibu na vyeusi kabisa. Ukingoja mpaka nyumbani, umbo la jahazi utalikumbuka, lakini hutajua tena kama paa la nyuma yake lilikuwa jeusi au la kijivu. Na namba hizo ndizo zitakazokuwa dakika ndani ya tindikali.

Kabla ya tindikali kuna suala la kugeuka: bamba likichapwa, kushoto huwa kulia. Mchoraji James McNeill Whistler, aliyekwenda Venice mwaka 1879 kwa kazi ya Fine Art Society ya London, alichora moja kwa moja kwenye shaba palepale mferejini, wala hakujisumbua. Mandhari zake za huko hutoka kinyume. Yeye Whistler alisamehewa. Wewe ukiigeuza ngome ambayo kila mkazi anaijua, au jina lililoandikwa kwenye tezi la jahazi, utachekwa.

Basi nakili mistari mikuu tu kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba. Ilaze kifudifudi juu ya bamba lililokwisha kupakwa mchanganyiko wa nta na lami, kisha ipitishe kwenye mashine ya roli kwa mkandamizo mdogo. Penseli itaacha alama za kung'aa, zimeshageuka. Mengine yote yachore upya kwa sindano huku ukitazama daftari kupitia kioo. Ukinakili kila kitu, mstari unakufa. Sindano ikwangue nta hadi shaba ionekane, basi. Kuchimba si kazi yake.

Kwa shaba napendelea feriki kloridi, ileile wanayotumia mafundi wa elektroniki kutengenezea bodi za saketi. Haitoi moshi wa kahawia kama asidi ya naitriki, ila huchoma ngozi na kutia madoa yasiyotoka, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Tumbukiza bamba zima likitazama chini ili mashapo yasizibe mistari. Muda hutegemea ukali na joto la dawa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande chakavu. Mistari ya namba 1 ikitosha, toa bamba, suuza, kausha, ifunike hiyo kwa vanishi, urudishe. Fanya vivyo hivyo kwa namba 2. Namba 3 hubaki ndani peke yake mpaka mwisho.

Safisha bamba, chonga kingo kwa tupa zisikate karatasi, paka wino, pangusa kwa shashi, chapa kwenye karatasi yenye unyevu. Nakala ya kwanza ikaguliwe daftari likiwa limefungwa. Kama sehemu ya mbele imepauka, paka nta upya, ongeza mistari, rudi kwenye tindikali.