Somo: Kuendesha Mashindano ya Michezo ya Kielektroniki Mtaani kwa Fedha Kidogo na kwa Usalama



Katika vitongoji vya Kampala kama Katwe, Kisenyi na Bwaise, mara nyingi utakuta chumba kimoja cha duka chenye runinga mbili, mashine za PlayStation, na vijana waliojipanga wakisubiri zamu. Wanacheza soka la EA Sports FC, mchezo uliojulikana kwa jina la FIFA hadi mwaka 2023, au mapigano ya Tekken na Mortal Kombat. Vyumba vya namna hii vimefika pia Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe na Elegu. Penye wachezaji, hatimaye mmoja husema: "Tufanye mashindano tumjue bingwa."

Somo hili ni la kijana huyo, la wazazi wake na la mwenyekiti wa LC1 atakayeombwa ruhusa. Polisi wanalijali jambo hili kwa sababu mbili. Kijana aliye katika shughuli yenye ratiba, mwamuzi na majirani wanaomtazama hapatikani kirahisi na wanaotafuta wabebaji wa magendo. Lakini mkusanyiko huohuo, ukiendeshwa kiholela, huzaa kamari, ugomvi na hata maafa. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni utaratibu unaoonekana na kila mtu. Uchache wa fedha hauzuii utaratibu huo.

Mwanzo mdogo si aibu

Tarehe 19 Oktoba 1972, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walishindana katika mchezo wa kompyuta uitwao Spacewar. Zawadi ya mshindi ilikuwa kuletewa gazeti la Rolling Stone kwa mwaka mmoja. Mwaka 1996, huko California, wachezaji wapatao 40 wa mchezo wa Street Fighter walikutana kushindana. Mkutano huo ndio uliokua ukawa Evo, mashindano ambayo leo huvuta maelfu ya wachezaji. Mwaka 2023, katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, michezo ya kielektroniki ilitolewa medali kama riadha na kuogelea.

Karibu nasi, Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana mchezoni kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kulipwa mwaka 2018 kwa umahiri wake wa Tekken. Tunamtaja ili waandaaji wakumbuke kuwaalika wasichana, na kupanga muda ambao mzazi hatakuwa na wasiwasi kumruhusu binti yake.

Hatua ya kwanza: hesabu ya muda

Kosa la waandaaji wengi ni kuita wachezaji kabla ya kupiga hesabu. Mtoano wa wachezaji 16 una mechi 15 tu, kwa kuwa kila mechi humtoa mtu mmoja hadi abaki bingwa. Ni rahisi, ila nusu ya waliokuja wataondoka baada ya mchezo mmoja, na aliyetoka mbali atanung'unika.

Kwa wachezaji 16 ni heri makundi manne ya watu wanne. Kila kundi lina mechi 6, jumla 24. Wawili wa juu katika kila kundi huingia robo fainali, na kutoka hapo hadi fainali kuna mechi 7. Jumla ni mechi 31, na kila mmoja amecheza angalau mara tatu.

Tuchukue dakika 20 kwa mechi moja, pamoja na kubadilishana viti. Mkiwa na mashine mbili, makundi yatachukua saa 4, robo fainali dakika 40, nusu fainali dakika 20 na fainali dakika 20. Hiyo ni saa 5 na dakika 20. Mkianza saa 3 asubuhi, mtamaliza saa 8 na dakika 20 mchana. Hata umeme ukikatika kwa saa mbili, watoto watakuwa njiani kurudi nyumbani kabla ya saa 11 jioni. Andikeni saa ya kumaliza kwenye tangazo, nanyi muitimize. Mzazi aliyeona ahadi hiyo ikitimizwa mara moja ataruhusu mara ya pili.

Chagueni pia mchezo usiohitaji intaneti. Tangu Julai 2021, vifurushi vya intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Wachezaji wawili wanaokaa mbele ya runinga moja hawahitaji kifurushi, wala hawana mtandao wa kusingizia wakishindwa.

Hatua ya pili: kanuni zilizoandikwa

Kanuni ziandikwe kwenye karatasi moja, zisomwe kwa sauti kabla ya mechi ya kwanza, kisha zibandikwe ukutani. Zijibu maswali yaletayo ugomvi:

1. Kipindi kimoja ni dakika ngapi, na timu zipi zinaruhusiwa?
2. Aliyechelewa atangojwa kwa muda gani? Dakika 10 zinatosha.
3. Umeme ukikatika itakuwaje? Mfano: ukikatika kabla ya mapumziko, mechi huanza upya, ukikatika baada yake, mabao hubaki na mchezo mfupi huchezwa kufidia.
4. Nani mwamuzi? Asiwe mchezaji, wala ndugu wa mchezaji wa mechi hiyo.
5. Malalamiko hupelekwa kwa nani, na ndani ya dakika ngapi?

Vifaa navyo huzusha shutuma. Pedi zisizo na waya zinaweza kuunganika na mashine ya jirani na kusimamisha mchezo wa mwingine, tumieni waya. Runinga nyingine huchelewesha picha kidogo baada ya kitufe kubonyezwa. Acheni kila mchezaji ajaribu kwa dakika moja kabla ya kuanza. Baada ya mechi, wachezaji wote wawili watie saini kwenye matokeo. Saini hiyo huzima nusu ya magomvi ambayo vinginevyo yangefika kituoni.

Hatua ya tatu: fedha mbele ya macho ya watu

Tutoe mfano wa hesabu, tukijua kuwa bei hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Wachezaji 16 wakilipa ada ya shilingi 5,000 kila mmoja, mnapata 80,000. Kukodi mashine mbili ni 30,000. Petroli ya jenereta 20,000. Maji ya kunywa 12,000. Karatasi na kalamu 3,000. Akiba ya dharura 15,000. Jumla ni 80,000, na hakuna aliyeingia deni.

Mtauliza: zawadi iko wapi? Ushauri wetu ni kwamba ada ilipie gharama, na zawadi itoke kwa wafadhili wa mtaani. Mwenye duka anaweza kutoa jezi, fundi wa simu akatoa vipokea sauti, mwenye chumba akatoa saa kumi za kucheza bure. Fedha za wachezaji zikikusanywa ili mmoja azichukue zote, shughuli huanza kufanana na dau, na kila aliyeshindwa huhisi ameporwa. Bingwa wa Stanford alipewa gazeti, na bado anakumbukwa.

Mtunza fedha na mwandishi wa daftari wawe watu wawili tofauti. Fedha zikipokelewa kwa simu, itumike namba moja iliyotangazwa, na ujumbe wa malipo uhifadhiwe. Siku inayofuata, mapato na matumizi yabandikwe palepale palipobandikwa kanuni.

Hatua ya nne: kamari isivuke kizingiti

Hapa ndipo mashindano mengi hufa. Wachezaji wanacheza kwa ustadi, lakini nyuma yao kuna watazamaji wanaowekeana fedha. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 kushiriki michezo ya kubahatisha, na biashara hiyo haiendeshwi bila leseni. Wengi wa wanaojaa katika vyumba vya michezo hawajafika umri huo.

Wakazi wa mipakani wana mtego wa ziada. Nchini Tanzania umri wa kisheria ni miaka 18. Kijana wa miaka 20 aliyezoea kubashiri upande wa Tanzania wa Mutukula, akivuka hatua chache tu, anakuwa mvunja sheria kwa kitendo kilekile. Mwandaaji aliseme jambo hili waziwazi asubuhi, na amwondoe anayekusanya dau hata kama ni rafiki yake. Mchezaji aliyewekewa fedha na wengine huchezea hofu. Akishindwa, hana uhakika wa kufika nyumbani salama.

Hatua ya tano: mlango, umeme na idadi ya watu

Kampala imejifunza kwa machozi. Tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliwaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika Klabu ya Raga ya Kyadondo na huko Kabalagala. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, msongamano kwenye njia nyembamba katika jengo la Freedom City uliwaua watu wasiopungua 9, wakiwemo watoto, waliokuwa wakikimbilia kuona fataki. Tukio la kwanza lilikuwa uhalifu uliopangwa. La pili lilihitaji furaha tu na njia isiyotosha.

Kwa hiyo, chumba kiwe na milango miwili iliyo wazi muda wote wa mashindano. Ikiwa mlango ni mmoja, punguzeni watu, na watazamaji wakae nje ambako runinga ya ziada itageuziwa. Mtu mmoja asimame mlangoni, ahesabu wanaoingia na kukagua mifuko. Mfuko usio na mwenyewe usiguswe. Watu watolewe na polisi waarifiwe kwa namba 999 au 112. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu ya kumwonya aliyeketi ndani. Mashine zote zisichomekwe kwenye waya mmoja wa kuongezea.

Siku chache kabla, mwarifuni mwenyekiti wa LC1 na afisa wa mahusiano ya jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu. Mkitoa taarifa mapema, doria itajua kelele zinatoka wapi na kwa sababu gani.

Hatua ya sita: wageni wa ng'ambo ya mpaka, na watoto

Mashindano kati ya Busia ya Uganda na Busia ya Kenya ni jambo jema. Tangu mwaka 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Wanaotoka nchi nyingine waulize ofisi ya Uhamiaji mapema. Wote wapite penye kituo rasmi, si njia za panya. Mashine ya mchezo inayovushwa ielezwe kwa maafisa wa forodha. Ikifichwa kwenye gunia, kifaa cha mchezo huwa bidhaa ya magendo.

Kwa aliye chini ya miaka 18, pokeeni idhini ya mzazi kabla ya kumwandikisha, na idhini ya pili kabla ya kusambaza picha au jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watoto.

Jihadharini pia na mgeni asiyejulikana anayemsifu mshindi na kumwahidi nafasi katika timu ya nje, tiketi ikiwa imeshalipwa. Katika miaka ya karibuni, vijana wa Uganda wamekuwa miongoni mwa waliohadaiwa kwa ahadi za kazi za kompyuta huko Asia, wakajikuta wamefungiwa Myanmar na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni. Ahadi ya kweli hustahimili maswali ya mzazi na ya polisi. Anayesema "usimwambie mtu" aripotiwe siku hiyohiyo. Kwa jambo linalomhusu mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kijiji

1. Chumba cha michezo kilicho karibu nasi kina milango mingapi, nacho hubeba watu wangapi bila kusongamana?
2. Ni nani mtaani kwetu anayeaminiwa na vijana wa pande zote, awe mwamuzi?
3. Tutamfanya nini jirani yetu atakayekutwa akikusanya dau?
4. Wazazi wa wasichana wanataka kuona nini kabla ya kuwaruhusu?

Kikao kikipata majibu, mwandishi ayaandike na nakala ipelekwe kituoni. Majibu hayo pamoja na karatasi ya kanuni ndiyo matayarisho ya kwanza, nayo hayazidi bei ya daftari na kalamu. Tunawatakia mashindano ya haki, na kila aliyekuja kucheza arudi kwao akiwa mzima.