Kengele ya Wizi Isilie Bure Kituku

Kengele ya wizi ikilia usiku Kituku, mjini Goma kando ya Ziwa Kivu, anayefika kwanza ni jirani, au mlinzi wa kiwanja cha pili. Ndiyo maana kengele inayolia bure kila juma ni mbaya kuliko kutokuwa nayo: siku ya mwizi wa kweli, jirani hataamka. Marekani, ambako polisi ndio huitwa, zaidi ya miito 9 kati ya 10 ya kengele hizi imeonekana kuwa ya bure. Tangu mwaka 2000, polisi wa Salt Lake City hawaendi mpaka mtu athibitishe kwanza kwamba kuna jambo.

Hapa kwetu anza na kitambuzi cha mwendo. Kifaa hiki hakimtambui mtu, kinahisi joto linalosogea. Paka ana joto, panya pia, na depo yenye magunia ya samaki wadogo wa sambaza, wakavu, haikosi wote wawili. Kifunge ukutani kimo cha mita 2 hivi, kisielekee dirisha wala bati linalopigwa na jua. Usirundike magunia mbele yake, maana paka akipanda juu amefika usawa wake. Kipanguse kila mwezi. Buibui akitembea juu ya kioo chake anatosha kukiamsha.

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano. Mbao huvimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi, mlango ukalegea. Upepo wa ziwa ukiusukuma, sumaku ya mlangoni inaachana na swichi yake, na kelele inaanza. Kaza bawaba na komeo kwanza. Fundi anayekufungia kengele bila kuugusa mlango hajamaliza kazi.

Kuranti ikikatika na kurudi, batri iliyochoka huzusha kelele. Ile ya volti 12 ibadilishe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ijaribu mchana: chomoa umeme, uone kama mtambo unasimama imara.

Wafundishe watoto na wafanyakazi namba ya siri, na panga king'ora kijizime chenyewe baada ya dakika chache. Kikilia kwa makosa, toka uwaambie majirani papo hapo. Wape namba yako ya simu leo, kabla ya usiku kuingia.