Mapendo katika Mambo Madogo

Wakristu wengi hudhani ya kuwa mapendo ni kazi ya wenye mali, au ya wamisionari waendao nchi za mbali. Bwana Yezu hakufundisha hivyo. Katika Injili ya Mateo aliahidi thawabu kwa ajili ya kikombe kimoja cha maji. Tena, aliposema habari ya hukumu ya mwisho, hakutaja miujiza. Alitaja chakula, nguo, na kumtazama mgonjwa. Hayo yote yawezekana hata katika nyumba ya maskini.

Basi, nguvu ya wema mdogo yatoka wapi? Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu aliingia monasteri ya Wakarmeli huko Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888, akiwa na miaka 15. Humo alikuwamo sista mzee, mgonjwa, ambaye kumridhisha kulikuwa kazi ngumu. Kila jioni ilipasa mmoja aache sala ili ampeleke kwenye chumba cha kulia. Tereza akajitolea. Akienda upesi, mzee alinung'unika. Akienda polepole, alilalamika kwamba ameachwa na ataanguka. Walipofika, Tereza alimketisha na kumkunjia mikono ya nguo yake. Kisha akaona ya kuwa mzee ashindwa kukata mkate. Hakuna aliyemwagiza, lakini tangu hapo hakuondoka kabla ya kumkatia mkate na kumwachia tabasamu. Mwishowe moyo wa mzee ulifunguka, akamwamini.

Tereza hakungoja kwanza apendezwe na mgonjwa yule. Kumtendea mema rafiki ni rahisi. Hata wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Mkristu humtendea mema hata asiyeshukuru, maana ndani yake amtambua Kristu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya wema: yatoka katika neema ya Mungu, wala haitegemei shukrani ya watu. Tereza alikufa mwaka 1897 bila kufika nchi yoyote ya misioni. Hata hivyo, mwaka 1927 Papa Pio XI alimweka kuwa msimamizi wa misioni.

Kongo nayo ina shahidi wake. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, Sista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, alifundisha watoto na kusaidia kazi za jikoni. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, aliuawa kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Naye alimsamehe aliyemwua. Msamaha wa namna hiyo hauokotwi njiani saa ya hatari. Haba na haba hujaza kibaba: moyo hufundishwa kusamehe siku kwa siku, katika kazi zisizosifiwa na mtu.

Kwa hiyo kila mkristu atazame nyumbani mwake. Yuko mama mkwe mwenye maneno makali, ambaye kuni zake zimekwisha. Yuko jirani aliyegombania mpaka wa shamba, na leo mtoto wake ni mgonjwa. Mlango wa mapendo uko hapo, karibu.

Maswali
1. Bwana Yezu alitaja matendo gani katika habari ya hukumu ya mwisho?
2. Kwa nini Tereza hakuchoka na manung'uniko ya mzee?
3. Ni nani kijijini asiyesalimiwa na watu?

Azimio la juma: Kumtendea tendo moja jema mtu asiyependeza, bila kumwambia yeyote.