SINDANO YA JIMU, KATAA
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kwa nini tumekiandika
Wanakuja kliniki mume na mke. Wana miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna. Mke ameshapimwa mara mbili, ameshanyweshwa mizizi ya kila aina, na mawifi wameshamsema hadi wamechoka. Mume ni miraba minne, shati linambana kifuani. Yeye hajapimwa hata mara moja. Akipimwa, mbegu hazionekani. Tukimuuliza taratibu, ndipo anapotaja sindano anazochomwa jimu.

Tumechoka kuwaona. Kwa hiyo shika neno hili moja: SINDANO YA JIMU, KATAA.

Ni dawa gani?
Ni homoni ya kiume, testosteroni, au dawa zilizotengenezwa kwa kuiiga, kama nandroloni, stanozololi na vidonge vya Dianabol. Muuzaji atakwambia ni vitamini, au "protini ya sindano". Protini ya kujenga misuli huliwa: maharage, dagaa, mayai, maziwa.

Madhara kwa mwanaume
- Korodani husinyaa. Mwili ukiletewa homoni kutoka nje, huacha kutengeneza ya kwake. Mbegu hupungua, na kwa wengine huisha kabisa. Ukiacha dawa, zinaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kurudi. Wapo ambao hazirudi.
- Matiti huota. Yakishakomaa, mara nyingi dawa yake ni kisu cha daktari.
- Damu huwa nzito na inaweza kuganda. Presha hupanda, moyo hutanuka. Ndipo kijana asiye na hata mvi moja anapopata kiharusi au mshtuko wa moyo.
- Vidonge huumiza ini.
- Chunusi hujaa mgongoni. Mwenye asili ya upara, upara humuwahi.
- Hasira huwa karibu. Wa kwanza kuziona ni mke na watoto.
- Akiacha ghafla, huzuni humwangukia na hamu ya tendo la ndoa hupotea. Wengine hufikiria kujiua. Asiachwe peke yake.
- Kijana anayekua bado, mifupa yake huacha kurefuka mapema. Atatuna, lakini atabaki mfupi.

Bomba moja, vijana watatu
Hapo ndipo VVU na homa ya ini B na C hupita. Hata bomba likiwa jipya, kilichoandikwa kwenye kichupa kinaweza kisiwe kilichomo. Majipu ya makalio tunayakamua sisi, aliyechoma hayupo. Sindano ya jimu, kataa.

"Mbona hospitali wanaichoma?"
Wanamchoma mgonjwa, yule ambaye mwili wake hautengenezi homoni ya kutosha. Kwanza damu yake hupimwa asubuhi, siku mbili tofauti. Akishaanza, hufuatiliwa uzito wa damu na tezi dume.

Kama ni wewe, zingatia haya:
- Mwambie daktari mapema kama bado unataka watoto. Dawa hii hupunguza mbegu hata ikitolewa hospitali.
- Ukipewa jeli ya kupaka, nawa mikono kwa sabuni na funika ulipopaka. Usimpakate mtoto wala kumkumbatia mkeo ngozi kwa ngozi kabla hujaosha sehemu hiyo. Homoni humwingia naye.
- Usiongeze dozi wala kuacha bila kumwambia daktari.

Uchovu au kupungua kwa nguvu za kiume peke yake hakutoshi kukufanya uanze dawa. Pima kisukari na presha. Angalia pombe, usingizi na mawazo.

"Rafiki yangu anachoma na yuko sawa"
Muulize: ameshapima mbegu?

Kimbia hospitali ukiona haya
Maumivu ya kifua. Kukosa pumzi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea. Macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Uvimbe wa moto palipochomwa, pamoja na homa. Mawazo ya kujiua. Usisubiri kesho.

Kama umeshaanza
Njoo. Lete kichupa, taja kila ulichochoma na ulichomeza. Hatukuiti polisi. Usinunue dawa nyingine ya "kusafisha mwili" kwa mtu yuleyule aliyekuuzia ya kwanza.

Kwa mama mkwe
Mtoto akichelewa, wapimwe wote wawili.

Kwa mwenye jimu
Anayechoma watu chumba cha kubadilishia nguo unamjua. Mtoe.

Ukurasa wa kukata na kubandika mlangoni
Beba vyuma. Kula vizuri. Lala usingizi wa kutosha.
SINDANO YA JIMU, KATAA.