Redio gramu ya valvu ikinyamaza upande mmoja

Kama mzee aliwaachia redio gramu ya stereo, iwe Marangu, Machame au mjini Moshi, na sasa spika moja inaimba huku nyingine imenyamaza, usikimbilie kununua valvu. Valvu ni zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani na kukuza sauti. Mara nyingi kosa si la valvu, na njia ya kujua ni ya bure: badilishana vitu vya kulia na kushoto, uone ukimya unahamia wapi.

Anza mbele. Kitufe cha balansi, kinachogawa sauti kati ya spika mbili, kiwe katikati. Kizungushe huku na huku mara kadhaa. Unyevu wa masika huku mlimani hutia kutu sehemu zinazogusana ndani, na ukisikia mkwaruzo ujue pana uchafu. Kisha acha santuri, ufungulie redio. Ikisikika pande zote mbili, amplifaya ni nzima. Kagua sindano ya santuri na nyaya zake nyembamba.

Redio nayo ikinyamaza upande mmoja, je, spika ndiyo iliyokufa? Zima, chomoa umeme ukutani, ndipo ubadilishane nyaya za spika. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na kuipata nyingine ni shida kweli. Ukimya ukihama pamoja na spika, mbovu ni spika au waya wake. Ichomoe, kisha gusisha betri kavu ya volti 1.5 kwenye ncha zake, mara moja tu. Spika nzima hugutuka na kulia "kwa!" Iliyokatika haisemi kitu.

Ukimya ukibaki upande uleule, sasa tazama valvu. Washa usiku, uzime taa za chumbani, uchungulie kwa nyuma bila kugusa. Kila moja iwe na wekundu hafifu, kama kaa linalofifia. Isiyowaka kabisa huenda imekatika. Doa la rangi ya fedha ndani ya kioo likigeuka jeupe, hewa imeingia, hiyo imekwisha. Ukiona bati la ndani limewiva jekundu, zima papo hapo.

Zima, chomoa ukutani, subiri saa nzima zipoe. Badilishana valvu zenye namba ileile tu, ECC83 kwa ECC83, EL84 kwa EL84, ukizishika kwa kitambaa kikavu. Kama kuzifikia ni lazima uguse nyaya za ndani, acha. Humo mna volti 250 au zaidi, na kapasita, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, huweza kuua hata baada ya kuchomoa.

Hapo ni kazi ya fundi. Tafuta aliyezoea redio za valvu. Chuo cha VETA Moshi ni mahali pazuri pa kuulizia. Patana naye gharama ya uchunguzi kabla hajafungua. Kapasita na rizista ni vipuri vya bei nafuu. Valvu mpya bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, lakini hesabu pia usafiri na ushuru. Mwambie fundi akurudishie kila kipuri alichotoa, na valvu ya zamani isitupwe mpaka mpya iimbe.