Somo kwa Wakatekumeni: Udhaifu Wetu na Nguvu ya Mungu

Wakatekumeni wapenzi, katika kijiji kimoja kilicho karibu na njia ya reli, upande wetu wa Lubudi, alikuwako mtu aliyefuata mafundisho ya dini kwa bidii kubwa. Alikuwa katika mwaka wake wa pili; sala za asubuhi na za jioni alizijua, na Amri Kumi aliweza kuzitaja bila kukosa. Kisha akaenda Kolwezi kuchimba madini pamoja na vijana wengine. Huko akazoea lutuku. Aliporudi nyumbani alimpiga mkewe mbele ya watoto, na tangu siku hiyo hakuonekana tena darasani. Nilipomwendea akaniambia: “Mwalimu, usijisumbue. Mimi si mtu wa kubatizwa. Nikibatizwa nitamletea Mungu aibu.” Ameniruhusu niandike habari hii, ila jina lake nisilitaje.

Maneno yake yaonekana kuwa ya unyenyekevu. Lakini tuyapime vema, maana ndani yake mna kosa kubwa, nalo ni kosa la wengi. Mtu huyu adhani kwamba Ubatizo ni zawadi ya watu waliokwisha kushinda. Adhani kwamba yampasa kwanza awe na nguvu, ndipo amwendee Mungu. Kama ingekuwa hivyo, nani angebatizwa? Je, mgonjwa hungoja apone ndipo aende kwa mganga wa hospitali?

Kanisa latufundisha kwamba Ubatizo huondoa dhambi ya asili, pamoja na dhambi zote alizozitenda mtu kabla ya kubatizwa. Lakini mwelekeo wa kutenda dhambi hauondolewi. Hubaki ndani yetu, tupigane nao kwa msaada wa neema. Basi msishangae mkiona baada ya Ubatizo ya kuwa hasira yenu ya zamani ingali inawajua kwa jina. Wengine hushangaa, hukata tamaa, husema maji hayakufanya kitu. Maji yamefanya kazi yake. Mmefanywa watoto wa Mungu. Ila mtoto hafundishwi kutembea bila kuanguka.

Sasa tumtazame Mtume Petro. Usiku ule wa Alhamisi, mbele ya wenzake wote, alijivuna kwamba yu tayari kwenda gerezani na hata kufa pamoja na Bwana. Yezu alimjibu kwamba kabla jogoo hajawika atamkana mara tatu. Someni wenyewe Luka sura ya 22, aya ya 31 mpaka 34, nanyi mtaona jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kabla Petro hajaanguka, Yezu alikwisha kumwombea imani yake isizimike. Tena alikwisha kumpa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake, atakapokuwa ameongoka. Yaani anguko lilijulikana, na kazi haikuondolewa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nami nakiri kwamba nisingemwachia usimamizi wa darasa mwanafunzi ambaye najua kesho atakana kwamba ananijua.

Petro alianguka mbele ya nani? Si mbele ya jemadari mwenye upanga, bali mbele ya kijakazi mlinda mlango. Alikuwa akiota moto wa makaa, kwa maana kulikuwa na baridi. Mwinjili Yohane anautaja moto huo wa makaa katika sura ya 18, kisha anautaja moto mwingine wa makaa katika sura ya 21, kando ya ziwa, baada ya Ufufuko. Penye moto wa kwanza Petro alikana mara tatu. Penye moto wa pili Bwana alimwuliza mara tatu kama anampenda, naye safari hii hakujivuna tena. Alijibu tu kwamba Bwana anajua yote. Hapo ndipo alipokabidhiwa kondoo. Mjue pia kwamba habari ya kukana kwake imeandikwa katika Injili zote nne. Kanisa la kwanza halikuificha aibu ya mkubwa wake.

Yuda naye alijuta. Tusisahau. Matayo, sura ya 27, atuambia kwamba alirudisha vile vipande thelathini vya fedha na kukiri kwamba ametenda dhambi. Lakini alikiri kwa makuhani wasiomjali, kisha akaenda peke yake na majuto yake, wala hakumrudia Yezu. Petro alilia akabaki na ndugu zake. Huo ndio mpaka kati ya majuto yanayoponya na majuto yanayoua.

Mtume Paulo alikuwa na taabu ya namna nyingine. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorinti, sura ya 12, aeleza kwamba alipewa mwiba katika mwili wake. Mwiba huo ulikuwa nini, hakusema. Mara tatu alimwomba Bwana amwondolee, na mwiba ukabaki. Akapewa jibu kwamba neema yamtosha, kwa kuwa nguvu ya Mungu hukamilika pale mtu anapokuwa dhaifu. Lakini jihadharini msiligeuze fundisho hili. Paulo huyohuyo, katika waraka kwa Waroma, sura ya 6, awakemea wanaotaka kuendelea katika dhambi ili neema iongezeke. Anayempiga mkewe asiseme: “Ni udhaifu wangu tu, kama mwiba wa Paulo.” Hapana. Huyo yampasa amwombe mkewe msamaha, aache lutuku, akae mbali na marafiki wanaomnywesha. Mungu humpa nguvu aliye dhaifu ili ainuke. Hampi mto wa kulalia.

Labda mtasema kwamba hao walikuwa Mitume, waliomwona Bwana. Basi twende Uganda, kwa Waafrika wenzetu. Mapadri Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882 waliondoka, wakarudi mwaka 1885, na katika muda huo wote wasomi wa dini waliendelea kufundishana wao kwa wao. Mwezi wa Novemba 1885 Kabaka Mwanga aliamuru Yosefu Mukasa Balikuddembe auawe, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa Wakatoliki katika jumba la kifalme. Katika siku hizohizo za hatari wakatekumeni wengi waliomba Ubatizo bila kukawia. Mmoja wao alikuwa Bruno Serunkuma, askari wa Kabaka.

Bruno hakuwa mtu mpole. Alijulikana kwa hasira kali na kwa kupenda pombe. Tena, baada ya kubatizwa, aliingia katika maisha ya unyumba yasiyo halali kwa Mkristu. Fikirini: mtu amebatizwa wakati damu ya kiongozi wake haijakauka, na kabla miezi haijawa mingi ameanguka! Wakristu wenzake walimwonya. Angeweza kukasirika, maana hasira alikuwa nayo tele. Angeweza kusema kama yule mtu wetu kwamba yeye si mtu wa Ubatizo. Hakusema hivyo. Aliacha dhambi ile, akatubu, akafanya malipizi, akarudi mahali pake kati ya wenzake.

Mwezi wa Mei 1886 hukumu ikatoka. Wakristu walifungwa, wakaondolewa Munyonyo, wakapelekwa Namugongo kwa miguu. Yasimuliwa kwamba njiani Bruno alikutana na ndugu yake, akaletewa pombe ya ndizi. Kwa mtu aliyefungwa na mwenye kiu, tena kwa mtu aliyeipenda pombe tangu zamani, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini hakuinywa, kwa kukumbuka kiu ya Yezu msalabani. Tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto pamoja na wenzake. Tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mtakatifu, yeye na Mashahidi wenzake ishirini na mmoja, pamoja na Karoli Lwanga. Basi mnapoitaja sikukuu ya Mashahidi wa Uganda msidhani kwamba wote walikuwa watu wasiojua anguko. Mmoja wao alishindwa na lilelile linalowashinda wengi wetu, kisha palepale alipokuwa dhaifu pakawa mahali pa ushindi wake.

Nami nisijifanye mwalimu asiyejua anguko. Miaka michache iliyopita mtoto wangu alishikwa na degedege usiku. Zahanati ilikuwa mbali, mvua ilikuwa ikinyesha, na wazee wa nyumbani walisema ugonjwa huo ni wa kurogwa. Nilichukua kuku, nikaenda kwa mganga wa kienyeji kwa njia ya nyuma ya mashamba, nisionwe na mtu. Alimfunga mtoto hirizi mkononi. Asubuhi tulimpeleka zahanati. Akapewa dawa ya malaria, akapona. Mwuguzi aliiona ile hirizi, akanitazama, hakusema neno. Ningependa angenikemea.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na somo langu lilikuwa juu ya Amri ya Kwanza. Nililifundisha. Majuma matatu niliendelea kufundisha, na sauti yangu ikazidi kuwa kali. Nilimkemea mama mmoja kwa sababu alichelewa, nilimfukuza kijana mmoja kwa sababu alicheka. Sasa naelewa: mtu anayeficha jeraha lake hawezi kuvumilia wengine wamguse. Watu wa Lubudi, ambao baba zao wengi walifanya kazi katika kiwanda cha saruji, wanajua kwamba mfuko wa saruji ukifichwa pembeni na kupata unyevu kidogo kidogo, huganda ndani ya karatasi yake. Huwa mgumu kweli, lakini hauwezi kujenga ukuta wowote. Ule uliofunguliwa, ukamwagwa chini, ukachanganywa na mchanga na maji, huo ndio usimamishao nyumba.

Hatimaye nilikwenda kuungama. Padri hakunikaripia sana. Aliniuliza kama nilikuwa nikidhani kwamba miaka yote niliyosimama nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe. Sikuwa na jibu. Siri ya Kitubio haikunilazimisha kusema lolote mbele ya watu, wala padri hakuniagiza. Lakini nilijua kwamba wanafunzi wangu walipewa somo na mtu aliyekuwa akiwadanganya. Basi nikalirudia somo la Amri ya Kwanza, na mara hii nikawaambia nilipokwenda usiku ule, na kuku niliyemchukua.

Darasa lilinyamaza. Nilidhani wataondoka. Ndipo bibi mmoja mzee, mkatekumeni wa mwaka wa kwanza, akasimama akasema: “Mwalimu, mimi nilidhani ninyi wenye kufundisha hamwogopi usiku.” Akaketi. Jumapili iliyofuata alileta hirizi mbili zilizofungwa katika kitambaa, ambazo alikuwa nazo tangu ujana wake, akaniomba nizichome. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewahubiria watu juu ya hirizi kwa maneno mazuri, wala hakuna hata mmoja aliyeleta yake.

Sisemi kwamba ni vema nilianguka. Ilikuwa dhambi, nami naijutia mpaka leo. Nasema tu nilichokiona: Mungu aliutumia ukweli wa udhaifu wangu kufanya kazi ambayo ujuzi wangu haukuifanya.

Kwa hiyo, wakatekumeni, jioni kabla ya kulala kila mmoja ajichunguze mambo mawili. Ni wapi ninapoanguka mara kwa mara? Na nikianguka hukimbilia wapi: kwa Yezu na kwa ndugu, au gizani peke yangu? Wasiobatizwa bado hawawezi kupokea Sakramenti ya Kitubio, lakini waweza kumwomba Mungu msamaha kwa majuto ya kweli, na kumwendea padri au katekista kuomba shauri. Walioudhi mtu wamwendee mtu huyo. Mwiteni pia Mtakatifu Bruno. Yeye aijua njia.

Yule mtu wa karibu na reli nilimsomea habari ya Bruno mbele ya mkewe. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli kwamba Bruno alianguka baada ya kubatizwa, si kabla. Nikamjibu kwamba ni kweli. Mkewe aliniambia kwamba lutuku ameiacha kwa muda wa majuma sita, akainywa siku moja, akaiacha tena. Tangu mwezi uliopita huja saa ya mafundisho, ila haingii; hukaa nje chini ya dirisha, mahali ambapo sauti hufika. Nimewaagiza wanafunzi wasimcheke wala wasimkodolee macho, na katika benchi la pili tumemwachia nafasi. Wanaomfahamu wamwambie kwamba somo lijalo litakuwa juu ya mwana mpotevu, Luka sura ya 15, nasi tutaanza saa tatu kamili.