Kabla ya Kununua Kiti cha Umeme: Mwili, Njia na Chaji

Kiti cha magurudumu cha umeme huingia Bujumbura kwa njia nyingi. Kimoja hutumwa na ndugu aliyeko Brussels au Montréal, kingine huja ndani ya kontena la msaada, kingine hununuliwa Dubai au Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Kobero juu ya lori. Njia zote hizo zina kasoro moja. Kiti huchaguliwa mbali na mtu atakayekikalia, mbali na mtaa atakaopita, na mbali na soketi ya nyumbani kwake. Kijitabu hiki ni cha mtu huyo na familia yake, wakisome kabla fedha haijatoka mfukoni au kabla ya kumjibu ndugu aliyepiga simu kuuliza, "Nikutumie kipi?"

Swali la kwanza ni kama kiti cha umeme ndicho kinachohitajika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Canada alibuni kiti kinachoongozwa kwa kijiti kwa ajili ya askari waliorudi wakiwa wamepooza mikono na miguu. Mwaka 1956 kampuni ya Everest & Jennings ya Marekani ikaanza kutengeneza viti vya umeme kwa wingi. Hadi leo kiti hiki humfaa zaidi yule ambaye mikono yake haiwezi kusukuma gurudumu: aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, mwenye ugonjwa wa misuli, baadhi ya wenye mtindio wa ubongo, mzee ambaye mabega yake yamechakaa kwa miaka ya kusukuma.

Mwenye mikono imara anaweza kufika mbali zaidi kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, kama zile ambazo wafanyabiashara wenye ulemavu wa Goma huvushia bidhaa kwenda na kurudi Gisenyi. Haihitaji chaji, na fundi baiskeli wa Buyenzi anaijua. Kuichagua si kushindwa.

Mwili kwanza

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na kwamba wanaokipata ni kati ya asilimia 5 na 35, kutegemea nchi. Mwongozo wake wa mwaka 2008 ulihusu viti vya kusukuma kwa mikono tu. Ule wa mwaka 2023 umeingiza na vya umeme, ukitaja kazi nne: kuchagua kiti, kukirekebisha kimkae mtu, kumfundisha mtumiaji, na kumfuatilia baadaye. Kiti kilichotolewa bila kazi hizo kinaweza kumuumiza mtu kiliyekuja kumsaidia.

Jeraha linaloogopwa zaidi ni kidonda cha mgandamizo. Mfupa wa makalio ukibana nyama kwa saa nyingi, damu haipiti na nyama hufa. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huwa mgumu kuonekana. Kinachoonekana ni doa lililokolea kuliko ngozi ya jirani, na mkono ukipapasa hukuta joto au ugumu. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu, hivyo ni lazima mtu amtazame kila jioni, au ajitazame mwenyewe kwa kioo.

Kupima hakuhitaji zana ya gharama. Mtu hukaa wima juu ya kitu kigumu, na futi ya fundi cherehani inatosha. Upana wa kiti ulingane na upana wa nyonga, ukizidi kwa kidogo sana. Kiti kipana huonekana cha raha siku ya kwanza, lakini humlazimisha mtu kuinamia upande wa kijiti kutwa nzima, na miezi ikipita mgongo huanza kufuata mkao huo. Kina cha kiti hupatikana kwa kupima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha kupunguza sentimita 3 hadi 6 ili ukingo usibane nyuma ya goti. Vikanyagio viwekwe mahali ambapo nyayo zimekaa bapa na mapaja yamelala juu ya mto. Vikiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote hurudi kwenye makalio.

Mto nao una kipimo chake, na kila familia inaweza kukijua. Mtu akiwa amekaa, msaidizi huingiza vidole kati ya mto na mfupa wa makalio. Vidole vikiweza kucheza juu na chini kwa nusu sentimita, mto ni salama. Vikishindwa kucheza lakini vikatoka bila shida, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa, mto huo haufai, hata kama kiti kimegharimu mamilioni ya faranga. Mto mzuri pia hauondoi haja ya kubadilisha mkao mara kwa mara, kwa kuinama mbele au kuegemea kando.

Kazi hii hufanywa vizuri zaidi mbele ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Bujumbura kuna hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge, na kituo cha Saint Kizito kinachojulikana kwa kuhudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Gitega kipo kituo cha taifa cha vifaa na mazoezi ya viungo. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu wa Burundi, UPHB, ni mlango mwingine wa kubisha. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na tarehe 10 Januari 2018 ikapata sheria yake ya kukuza na kulinda haki hizo. Anayeomba kupimwa kabla ya kupewa kiti anadai haki yake.

Kijiti mkononi

Kijiti hufanya kazi kwa kadiri kinavyosukumwa: kidogo, kiti hutambaa, sana, kiti hukimbia. Kikiachiwa, hurudi katikati, injini husimama na breki za umeme hushika zenyewe. Kwa hiyo jaribio la kwanza, liwe dukani au uani, ni la kuachia. Kiti kilichoachiwa kwenye mwinuko mdogo kisimame palepale. Kikiendelea kuteleza, au kijiti kikirudi kwa uvivu na kubaki kimeinama, kiti hicho kisichukuliwe.

Mkono wa mbele uegemee vizuri kwenye pedi, ili kazi ibaki kwa vidole na kiwiko kisining'inie. Mwenye nguvu upande wa kushoto awekewe kijiti kushoto; viti vingi vinaruhusu kuhamisha. Mwenye mkono unaotetemeka asikate tamaa mapema, kwa sababu fundi mwenye kifaa cha kupangia anaweza kupunguza wepesi wa kuondoka, kasi ya kugeuka na hisia ya kijiti kwa mtetemo. Wapo wanaoongoza kwa kidevu au kwa kichwa.

Uwezo wa watoto nao usidharauliwe. Huko Cape Town, Shona McDonald alishirikiana na wataalamu wa chuo kikuu cha jiji hilo kumtengenezea binti yake mdogo kigari cha umeme, wakati ambapo ushauri aliopewa ulikuwa wa kukata tamaa. Kazi hiyo ilizaa Shonaquip, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo imeendelea kutengeneza viti kwa ajili ya ardhi ya Afrika.

Kanuni ya nyumbani ni fupi: kiti kizimwe kabla mtu hajapanda, kabla hajashuka na kabla mtoto hajapakatwa. Sketi, kitenge au buibui vikunjwe juu ya mapaja, kwani pindo likiingia kwenye gurudumu humvuta mtu chini. Mkanda ufungwe chini kwenye nyonga; ukifungwa tumboni, mtu huteleza na kubanwa.

Njia yenyewe

Kiti cha kutembea Rohero kwenye lami si lazima kiweze Kinama. Bonde la kando ya ziwa, kuanzia Buyenzi na Bwiza hadi Ngagara, ni tambarare, lakini kuelekea mashariki jiji hupanda ghafla kwenda Kiriri na Mutanga. Mitaa mingi imetandikwa mawe, mingine ni udongo unaogeuka tope mvua zikianza, na kando yake kuna mifereji iliyo wazi. Kabla ya kuchagua, mtu mmoja wa familia atembee njia za kila siku, ya shule, ya soko, ya kanisani au msikitini, akiandika upana wa milango, urefu wa vizingiti na mahali mfereji usipo na kifuniko.

Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayoleta ajali nyingi za kupinduka, kwa sababu huzama kwenye nyufa na mchanga. Kwa mtaa wa udongo, yatafutwe makubwa na mapana. Kiti chenye magurudumu ya nguvu katikati hugeuka mahali padogo na hufaa nyumba yenye korido nyembamba. Chenye nguvu nyuma hutulia zaidi nje. Tairi za upepo hupunguza mtikisiko kwenye mawe, ila hutoboka. Vigurudumu vidogo vya nyuma vinavyozuia kiti kupinduka visiondolewe kamwe, hata vikisumbua kwenye kizingiti.

Kitabu cha kiti hutaja mwinuko wa juu kinaoruhusiwa kupanda, kwa kawaida nyuzi chache tu, na namba hiyo iheshimiwe. Daraja la kupandia mlangoni lijengwe kwa uwiano wa 1 kwa 12, maana yake kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2.4. Zaidi ya yote, wenzo wa kuachanisha injini, unaowezesha kiti kusukumwa kwa mkono, usiguswe kwenye mteremko. Ukifunguliwa, breki hazipo, na kiti chenye kilo 100 pamoja na mtu wake hakishikiki na msaidizi mmoja.

Uzito huo hurudi tena kwenye usafiri. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, hivyo pale marufuku hiyo inapotumika, safari ya huko hutegemea basi au teksi. Kiti cha kukunja cha kilo 25 au 30 huingia kwenye buti ya Corolla. Kiti kikubwa chenye mgongo wa kulaza hakiingii, na mwenye nacho hufika pale tu chaji inapomfikisha.

Chaji na Regideso

Viti vingi hutumia betri mbili za volti 12, jumla volti 24. Betri za ampea-saa 50 hubeba takriban uniti 1.2 za umeme, na ukihesabu upotevu wa chaja, kujaza kiti kilichokwisha hugharimu uniti moja na nusu hadi mbili za Cash Power, umeme wa kulipia kabla. Gharama hiyo inabebeka. Tatizo ni muda: betri za risasi huhitaji saa 8 hadi 12, na umeme wa shirika la Regideso hukatika. Kiti kichomekwe kila umeme unapokuwepo, bila kungoja taa nyekundu, kwa sababu betri ya risasi iliyoachwa tupu kwa siku kadhaa hufa, na joto la Bujumbura huiharakisha. Zile za lithiamu ni nyepesi na hudumu zaidi, ila ni ghali na mashirika ya ndege yana masharti makali juu yake, hivyo anayesafiri nazo aulize kabla ya kukata tiketi.

Kiti kinachotoka Marekani au Canada kinaweza kuja na chaja ya volti 110. Ikichomekwa kwenye volti 220 za hapa, huungua mara moja. Kibandiko cha chaja kisomwe kwanza: kiwe kimeandikwa 100–240 au 220–240. Umbali unaotangazwa na kiwanda nao hupimwa kwenye sakafu tambarare na betri mpya. Kwa mawe, tope na mwinuko, ni busara kupanga safari kwa nusu yake, kwenda na kurudi.

Karatasi na fundi

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha kwa vifaa vilivyoundwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, na viti vya magurudumu vina namba yao ya ushuru, 8713. Cheti cha daktari na ankara vipelekwe kwa mamlaka ya mapato, OBR, kuulizia utaratibu kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, kwani kiti kilichokaa ghalani wiki nyingi hufika na betri zilizokufa.

Muuzaji aulizwe mambo matatu kwa maandishi: kama betri za saizi inayotumiwa na kiti hicho zinapatikana Bujumbura, nani ana kifaa cha kupangia kijiti, na tairi za akiba zinatoka wapi. Fundi umeme wa magari anaweza kubadilisha betri na kukaza nyaya, lakini kisanduku cha kijiti kikifa hutakiwa kingine cha aina ileile. Kwa hiyo jina la kiti, modeli na namba ya mfululizo viandikwe kwenye karatasi, na nakala moja abaki nayo mtaalamu wa viungo, ambaye mtumiaji atarudi kwake baada ya majuma machache kupimwa upya mto, kijiti na vikanyagio.